Kijana Wetu Anaua

Jumamosi iliyopita, mbele ya watu mia tatu na keki ya ghorofa tano, baba mkubwa alisimama, akavaa miwani, akagonga kipaza sauti mara mbili, akatangaza: "Ndugu wakwe zetu, leo kijana wetu anaua."

Risala hiyo niliichapa mimi.

Niliandika "anaoa". Ila nilitaka ipendeze, nikaichapa kwa fonti ya mikunjokunjo, ile ambayo kila herufi imevaa shela. Humo o haifungwi juu. Imeachwa wazi kama kikombe, halafu inatupa mkia kuishika herufi ya mbele. Kwa macho ya miaka sabini na minne, chini ya taa za zambarau zinazozunguka, hiyo ni u. Na baba mkubwa ni mwalimu mstaafu: anakiheshimu kilichoandikwa kuliko anachokijua. Akaendelea. "Kuua ni jambo la heri." Meza ya wakwe ikaacha kutafuna. "Katika ukoo wetu hajapata kutokea kijana aliyeua akiwa amejiandaa kama huyu." Mshereheshaji akamsogelea, mzee akamzuia kwa kiganja, kama mwanafunzi anayejibu kabla ya kunyoosha kidole. "Tunawashukuru kwa kutukubalia tuue kwenu." Hapo bibi, ambaye wiki nzima hasikii chochote, akauliza kwa sauti: "Kamuua nani?"

Tangu siku hiyo silali, nasoma habari za herufi. Maneno yetu yamejaa irabu, na irabu moja tu inatenganisha harusi na msiba. Hata zile fonti za mabango zenye a ya mviringo na kijiti ubavuni, ukisimama mbali kidogo, mama anakuwa momo.

Halafu nikakutana na habari za mchora fonti Matthew Carter. Mwaka 1978 alichora fonti ya vitabu vya simu vya Marekani, Bell Centennial. Alijua karatasi ni mbovu, herufi ni ndogo mno, mashine inakimbia, na wino lazima utatambaa. Basi pale mistari ya herufi inapokutana, akachonga vipengo. Ukizikuza, utadhani zimetafunwa na panya. Ukizichapa, wino unatambaa ukajaza vile vipengo, herufi inatoka nzima! Mtu alikaa akaupangia kazi hata uchafu. Baadaye akaichorea Microsoft fonti ya kusomea kwenye kioo, Verdana, iliyotoka 1996. Safari hii alianza na vidoti vyenyewe vya kioo, ndipo akalichora umbo kuvifuata. Na I kubwa akaivisha kofia na viatu isije ikafanana na l ndogo. Nilisoma hayo saa nane usiku, nikataka kumwamsha mtu nimwambie.

Kwa hiyo watu wanajua. Hapo ndipo panaponiuma. Mwezi wa tatu nilikopa kwa simu. Kiasi ninachoruhusiwa kukopa kilijaa kioo kizima, kinene, cha kijani. Adhabu ya kuchelewa siku moja niliikuta nimeshachelewa, kwa kijivu juu ya cheupe, herufi kama mayai ya chawa. Mimi nilimpotosha baba mkubwa kwa ujinga. Aliyepanga ukurasa ule anajua vizuri jicho linasomaje, na analipwa mshahara kwa kulikwepa. Nikampigia mhudumu wa hao wakopeshaji. Akanijibu kwa upole kwamba niliyasoma masharti na kuyakubali.

Jumatatu nilipeleka barua ya shukrani steshenari kwa fonti safi niliyoipakua mwenyewe. Kompyuta yao haikuwa nayo, ikaweka yake, ukurasa mmoja ukazaa kurasa tatu, nikalipia zote.

Kundi la WhatsApp la familia sasa linaitwa Washukiwa.

Jana mpiga video kaniuliza aweke maandishi gani mwanzo wa video. Nikamwambia yoyote, mradi yasomeke. Akanitumia sampuli: picha ya maharusi wakilishana keki, bwana harusi ameshika kisu, na juu yao, kwa fonti ileile ya shela, neno moja. Nimemwamini kwamba aliandika "Wameoana".