Jinsi ya Kuzeesha Beji ya Keya Bila Kuzeeka Nayo

Una beji ya shaba mkononi. Pengine imetoka kwenye sanduku la marehemu babu, pengine umeiokoa kwa mtu wa vyuma chakavu aliyekuwa tayari kuipima kwa kilo. Ni ya Keya, yaani King's African Rifles: ina baragumu, weusi usoni, na ukijani umejificha kwenye mikunjo. Unajiuliza: niisugue au niiache? Tulia, yakhe. Jibu haliko kwenye beji, liko kwa mnunuzi.

1. Mpime mteja kwanza. Anayeshuka melini asubuhi na kuingia Ndia Kuu kwa kaptura, kamera kifuani, huyo anataka uchafu. Nyumbani kwake ana vitu vinavyong'aa vya kumtosha. Amesafiri mbali kutafuta kutu. Mwenzetu anayepamba sebule Nyali anataka shaba iwake, ifanane na dele la kahawa na misumari ya mlango aliouagiza Lamu. Usimuuzie mmoja cha mwenzake. Weka beji mbili, moja kwenye kioo mbele, nyingine chini ya meza ndani ya soksi. Ya kwenye soksi ndiyo ghali. Itoe polepole, huku ukitazama mlangoni.

2. Ukiamua kusugua, usione haya. Ndimu na chumvi zipo, ukwaju upo, na dukani kuna Brasso. Ukwaju ukizidi, shaba itageuka ya waridi kama ufizi, maana asidi imekula zinki ya juu na kuacha shaba nyekundu. Mkusanyaji wa kweli akiona hivyo atashika kichwa, kwa sababu alama zikishasuguliwa zikalala hazisimami tena. Hapo ndipo umwambie, kwa sauti ya mtu aliyeonewa: "Bwana, hii aliisugua askari mwenyewe."

Na raha ya uongo huu ni kwamba mara nyingi ni kweli. Keya iliundwa mwaka 1902, ikadumu mpaka miaka ya uhuru, na muda wote huo askari alikaguliwa vifungo, mkanda na beji. Shaba iliyofanya giza ilimletea adhabu. Ile kutu ambayo mtalii anaibusu leo, sajini angeitolea mtu matusi ya kizazi kizima. Kwa hivyo beji iliyolika uso kwa kusuguliwa ndiyo iliyokwenda kazini. Ile yenye weusi mtamu, ulioenea sawasawa, huenda ilishinda droo ya karani.

Igeuze uone mgongo. Beji ya zamani ilipigwa kwa muhuri wa chuma, kwa hiyo kilichotuna mbele kimebonyea nyuma. Ya kusubu ina mgongo bapa wenye vitundu vidogo kama vya chapati. Jina la J. R. Gaunt wa Birmingham lisikutoe machozi, mafundi wa leo nao wanalipiga vizuri sana. Tafuta kwenye pembe, kandokando ya vikuku vya kufungia, ukoko mweupe unaoelekea ukijani: ni dawa ya kung'arishia iliyokauka miaka mingi. Huo usiuguse kwa mswaki! Ndio cheti cha kuzaliwa. Na kama haupo, nani kakwambia cheti hakichapishwi? Dondosha Brasso kwa njiti ya kiberiti, anika dirishani, nenda zako msikitini.

3. Kuzeesha kuna adabu zake. Turungi ni ya karatasi. Iwekee ile barua ya afisa utakayoiandika usiku. Shaba haijali chai. Wako wanaoloweka kwenye mkojo, na rangi inakuja kweli, lakini amonia huipasua shaba iliyokunjwa. Waingereza walilijua hilo India: risasi zilizohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi wakati wa masika zilipasuka maganda zenyewe. Kikuku cha beji yako kikikatika mkononi mwa mteja utamwambia nini?

Njia ya Kimombasa ni uvivu. Itundike kwenye dirisha linalotazama Bandari ya Kale, acha kusi ifanye kazi. Ila ukijani ukianza kupukutika kama unga, hiyo si heshima ya uzee, ni chumvi inaila shaba kwa ndani. Iuze wiki hiyohiyo, kwa mtu mwenye ndege ya jioni. Kama ni ya babu yako kweli, ioshe kwa maji safi, ikaushe sana, ipake nta kidogo, halafu kaa mbali nayo.

4. Ipe mwenyewe. Beji isiyo na mtu ni kifungo tu. Ukitaka kuiambatanisha na medali, kumbuka: za Vita vya Kwanza zilichorwa jina la askari ukingoni, kwa hiyo hapo umebanwa. Lakini nyota za Vita vya Pili, ile ya Burma ikiwemo, Waingereza walizitoa bila majina, kana kwamba walikufikiria wewe. Vijana wetu walikwenda Burma kweli, na mwaka 1944 walipita bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria. Babu wa kubandika hapo hakosekani.

Mteja akiwa msomi, mtajie Meja Arthur Wavell. Ana mnara wake hapo nje ya Fort Jesus. Aliongoza askari Waarabu wa pwani hii, akafa Mwele, Kwale, Januari 1916. Kabla ya hapo alihiji Makka akijifanya Mzanzibari, pamoja na Mswahili wa Mombasa, na akarudi salama. Mzungu aliyejizeesha mpaka akapita forodha zote! Fani yetu haina mfano bora kuliko huyo. Ila usimfanye mwenye kila beji. Mbili kwa msimu zatosha.

5. Hapa usicheze. Mteja atauliza mwaka, na ulimi utakuwasha kusema 1888, enzi za kampuni ya Mackinnon na zile pesa zenye mizani. Umeze. Sheria ya Makumbusho ya 2006 inahesabu kuwa cha kale kitu chochote kinachohamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895, na cha namna hiyo hakitoki nchini bila kibali. Ukiongeza miaka michache kwa tamaa, umejitengenezea kesi kwa mdomo wako, tena kwa beji ya mwezi uliopita. Kwa hivyo yako ni ya 1902 kwenda mbele. Hata ikitokea, kwa bahati mbaya, kuwa ni ya 1890 kweli, ni ya 1902, na risiti uiandike hivyo.