Kidonge cha Wazee

Jumatatu. Kinyozi wangu wa Sinza amezima mashine kazi ikiwa nusu. "Kaka, huku mbele nifuate zilipo au nichonge laini mpya?" Nikamwambia afuate zilipo. Zilipo ni nyuma ya pale pa mwaka jana kwa upana wa kidole. Nina miaka 26. Nimeumia.

Jumanne. Kliniki ya ngozi. Namba yangu ilikuwa 61. Saa mbili asubuhi walikuwa wanaita ya 9. Nimeingia saa saba na nusu. Daktari amenimulika utosini kwa tochi, akauliza habari za baba na wajomba. Baba ana uwaraza. Mjomba ana kipara tangu ujana wake.

Akanieleza taratibu. Si kofia wala maji ya chumvi. Mwili hugeuza sehemu ya testosteroni kuwa homoni iitwayo DHT, na mashina ya nywele yaliyorithi udhaifu huo husinyaa. Unywele unaota mwembamba, kisha mfupi, mwisho hauoti. Finasteridi, miligramu 1 kwa siku, hukizuia kimeng'enya kinachofanya mageuzi hayo. Minoksidili ni ya kupaka. Zote mbili hulinda nywele zilizopo kuliko kurudisha zilizokwenda, na ukiacha, upotevu unaendelea. Nikamuuliza la nguvu za kiume. Akasema wachache hupungukiwa, wengi wao hurudi sawa wakiacha dawa, ila wapo walioripoti kwamba hali haikurudi. Nikiona hivyo, au moyo ukianza kuzama, nirudi haraka. Nilikaa kwenye foleni saa tano na nusu. Maelezo hayo yalistahili.

Jumatano. Maduka mawili ya dawa, hakuna. La tatu, dada wa kaunta akasoma cheti kwa sauti: "Hii si ya tezi dume? Unamchukulia mzee?" Nyuma yangu walikuwepo watu wanne. Hakukosea sana: finasteridi iliidhinishwa Marekani mwaka 1992 kwa ajili ya tezi dume, miligramu 5. Ya miligramu 1, ya nywele, ilifuata mwaka 1997. Nikajibu, "Ni yangu, dada." Foleni nzima ikanyamaza. Ya 5 tu ndiyo iliyokuwepo, nikainunua.

Alhamisi. Kazini wameniambia nigawe kidonge kwa wembe. Usiku nimekata kimoja jikoni, kikapasuka vipande visivyolingana, unga mweupe ukabaki kwenye ubao wa kukatia vitunguu. Ndipo nikafungua karatasi ya ndani ya boksi. Mjamzito asiguse kidonge kilichovunjika. Dawa inaweza kuharibu maumbile ya mtoto wa kiume tumboni. Dada yangu ana mimba ya miezi mitano, na alikuwa anakuja kuchukua ubao ule ule. Nikamzuia mlangoni kwa mkono. "Usiguse, dada. Usiingie kwanza." Nimeufunga ubao kwenye mfuko, nimeutupa, nimefuta meza mara tatu. Mikono ilinitetemeka hadi nilipolala.

Ijumaa. Nimeipata ya miligramu 1 Kariakoo. Kurudi, daladala ilikaa kwenye foleni zaidi ya saa moja. Nimemeza cha kwanza saa tatu usiku. Majibu ni baada ya miezi mitatu hadi sita, pengine mwaka.

Jumamosi. Minoksidili imenichuruzikia hadi kwenye nyusi. Daktari alinitahadharisha kwamba wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi, nisikate tamaa. Nimetandika taulo juu ya mto.

Jioni mjomba amekuja kumjulia hali dada. Ameiona chupa, ameishika muda mrefu. Sikuwahi kumsikia akizungumzia kichwa chake. Akavua baraghashia, akainama mbele yangu.

"Na hapa, mjomba, zitaota?"

Nikapapasa. Palikuwa laini kama kiganja. Nikamwambia alivyosema daktari, kwamba shina likishakufa dawa haina cha kushika.

"Enzi zetu hatukuambiwa," akasema. Akaivaa kofia yake, akaniuliza nameza saa ngapi, nisije nikasahau.