Mashahidi Wawili Tu

Serikali ya Dubai ilikuwa haijui kwamba nimeolewa. Mume wangu alinipasha habari hiyo kwa simu jioni moja, kwa sauti ya mtu anayeogopa kulaumiwa.

"Haijui vipi?" nikamuuliza. "Tarafa nzima inajua."

"Haiko kwenye karatasi, Mama Kibet."

Ilikuwa hivi. Mfanyakazi wa kigeni katika Falme za Kiarabu anaruhusiwa kumwombea mkewe kibali cha ukaazi, mradi mshahara wake ufikie dirham 4,000. Mshahara aliupata. Mke pia alikuwa naye, huku Londiani, amevaa makoti mawili kwa baridi ya Julai. Kilichokosekana ni cheti cha ndoa chenye mihuri. Nasi tulioana kimila: koito, sherehe yetu ya posa na mahari, ikafanyika, wazee wakanena, maziwa ya mursik yakanywewa mpaka vibuyu vikabaki vitupu. Katika sherehe nzima hakuna aliyeshika kalamu isipokuwa mtu wa kuandika michango.

Kwa bahati, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawa na ile ya kanisani. Unaisajili, unapewa cheti. Ila kuna kifungu kimoja, na nadhani aliyekiandika hana ukoo mkubwa. Kinataka sahihi au alama za mashahidi wawili watu wazima, kila mmoja awe alitekeleza wajibu muhimu wa kimila katika ndoa hiyo.

Wawili. Na wajibu uwe muhimu.

Niliyasoma maneno hayo kwa sauti mbele ya familia. Nyumba ikanyamaza kidogo, kisha wote wakasema pamoja. Baba mdogo alisema yeye ndiye aliyeongoza mazungumzo ya mahari, kwa hiyo shahidi wa kwanza ni yeye, atafutwe wa pili. Mjomba, aliyekuwa ametoka Ainamoi asubuhi hiyo, alisema mahali ambapo kaka wa mama hajatoa idhini hapana ndoa, pana mkutano tu. Jirani yetu, aliyepewa kazi ya kuwakagua ng'ombe, alikumbusha kwamba alimrudisha mmoja aliyechechemea. Asingemrudisha, alisema, ndoa yangu nayo ingechechemea hadi leo. Hata mchungaji, ambaye siku ya koito alisema mambo hayo ni ya kale na bado akaondoka wa mwisho, aliuliza kama kuwaombea wageni chakula kunahesabika.

Shangazi aliwaacha wamalize. "Mlizungumza sana siku hiyo," akasema. "Mlikuwa mnakunywa nini? Na nani aliyekitayarisha?"

Walichaguliwa Baba mdogo na Mjomba. Kwa muda mrefu baada ya hapo, chai nyumbani kwa Shangazi ilikuja bila sukari.

Yakafuata majina. Kwetu Wakipsigis, mwanamume akishatoka jandoni huitwa arap, yaani mwana wa fulani. Siku ya vitambulisho, karani mmoja aliiandika arap ya Baba mdogo, na mwingine akaiacha ya baba yangu, akaona jina la Kikristo na la kuzaliwa yanamtosha. Kwenye karatasi, ndugu hao wa tumbo moja hawajuani kabisa. Daniel arap Moi alitawala nchi hii miaka 24, na sijasikia mtu aliyemdai hati ya kiapo ya kueleza arap yake. Baba mdogo alidaiwa.

Nami sikuwa na la kuwacheka. Nilizaliwa alfajiri, hivyo nikaitwa kwa alfajiri: cheti cha kuzaliwa kinasema Chepkoech, cha shule kinasema Chepkoechi, na kitambulisho kinasema Chepkoich. Wakili mmoja mjini Kericho aliniapisha kwamba wanawake hao watatu ni mtu mmoja. Nilimpigia mume wangu kumkumbusha kwamba mahari aliyotoa ilikuwa ya mmoja.

Siku ya kutia sahihi ilifika. Mjomba hakusoma, lakini sheria inakubali alama ya kidole gumba. Shida ni kwamba gumba hilo limechuma majani chai tangu ujana wake. Limelainika, na weusi wa utomvu umeingia mpaka chini ya ngozi. Kila alipolibonyeza, karatasi ilipokea doa. Karani, kijana mwenye adabu, akamsihi ajaribu kidole kingine.

"Ninavyo kumi," Mjomba akamwambia, "na vyote vinachuma chai."

Hapo mlango ukafunguliwa, Shangazi akaingia akiwa amevaa nguo ya kanisani na kitambulisho mkononi. Hakuna aliyemwita. Alifundisha shule ya msingi hadi alipostaafu, na sahihi yake ina mkia unaovuka ukurasa. Mjomba alihamishiwa kwenye benchi, akiwa shahidi wa ushahidi.

Cheti kilipotoka, Shangazi huyo huyo alinishauri nikifunike kwa plastiki, kama alivyofunika vyeti vyake vyote. Kijana wa saiba alikuwa tayari ameiwasha mashine nilipokumbuka kwamba muhuri haushiki juu ya plastiki. Nilikinyakua kikiwa na joto pembeni.

Ya Nairobi hayana mengi. Falme za Kiarabu hazikuwa katika ule Mkataba wa The Hague wa 1961, ambao wanachama wake hutosheka na uthibitisho mmoja, kwa hiyo cheti changu kilipitia Wizara ya Mambo ya Nje, kikaenda ubalozi wao, kisha kikapigwa muhuri mwingine huko huko Dubai. Kila muhuri ulithibitisha kwamba ule uliotangulia ni wa kweli. Hakuna ofisi iliyouliza kama tuliwahi kupendana.

Kibali kilitoka. Waheshimiwa wabunge, mtakapoirudia Sheria ya Ndoa, tafadhali ongezeni nafasi za mashahidi. Wawili wanawatosha watu wa mjini. Sisi wa Londiani tunaomba kumi na wawili, na wachuma chai waruhusiwe kuapa kwa mdomo.