Utepe wa Leta

Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri, nilikata mhuri wa Leta, yaani serikali, kwa mkasi wa mke wangu, mbele ya kadamnasi, baada ya hotuba ya dakika saba. Masikio yangu bado yanawaka.

Mpwa wangu alikuwa anafungua duka la dawa huku Luano, nchini Kongo, kwenye barabara ya kwenda uwanja wa ndege, na mkata utepe ni mjomba. Niliposhuka kwenye teksi nikaona mlango wa chuma, mkanda wa plastiki mwekundu na mweupe umefungwa toka komeo hadi komeo, na katikati karatasi yenye mihuri mitatu. Nikasema moyoni, kijana huyu amejipanga, hata ratiba ameibandika. Watu walisimama nusu duara, kimya, nyuso zimesawijika. Ukimya huo niliuchukua kuwa ni heshima kwangu.

Basi nikaanza. Nikawashukuru wazee, nikasifu biashara kuwa ndiyo nguzo ya familia, nikamtaja Mungu mara nne, nikatangaza kwamba mlango huu, ukishafunguliwa leo, hautafungwa tena milele. Hapo mama mmoja akaangua kilio. Nikadhani maneno yamemwingia. Nikautoa mkasi wa kushonea, ule mzito, kachaa! Mkanda ukaanguka, karatasi ikapasuka katikati. Aliyepiga makofi ni mmoja tu, mbadilisha dola wa kando ya barabara, na mpaka leo sijui kama alikuwa ananidhihaki.

"Yomba! Yomba, niko huku!" Mpwa wangu alikuwa mlango wa pili, chini ya maputo, soda zimeshapata joto. Mtoto muuza maji akanivuta koti: "Papa, ile ni sele ya Leta. Ba kodi balifunga asubui."

Mmoja wa hao ba kodi alikuwa bado ng'ambo ya barabara, anamalizia mahindi ya kuchoma. Nilitegemea pingu, nikapewa somo, na nakiri lilinikolea. Kumbe deni la kodi halikurupuki. Kwa sheria ya 13 Machi 2003, kwanza inakuja hati ya kukuarifu unachodaiwa. Ukinyamaza, mpokeaji wa kodi anatoa hati ya kukushurutisha, na haendi kwa jaji kuomba ruhusa. Karatasi yake yenyewe ina meno. Inafuata amri: siku 8 ulipe, la sivyo mali yako inakamatwa, hata kuuzwa, na gharama za kila hatua zinadandia juu ya deni kama abiria juu ya lori. Lakini kilichonivutia zaidi ni ile njia ya kukuzunguka: wanamwandikia mtu aliyeshika fedha zako. Benki yako, mteja wako, mpangaji wako. Toka siku hiyo mpangaji hakulipi wewe, analipa Leta. Kiswahili kilijua mapema, kikaipa kodi ya nyumba na kodi ya serikali jina moja, zikutane njiani. Nikamuuliza: na aliyenikopa laki tano miaka miwili, naye mnaweza kumwandikia? Akasema inawezekana, ila kwanza wewe uwe na deni kwetu. Kwa sekunde kadhaa nilifikiria kwa dhati kuacha kulipa kodi.

Nilijifariji kwa historia. Tarehe 12 Agosti 1960 Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, alishuka hapa hapa Luano, akajikuta amesimama mbele ya bendera ya Katanga, jimbo la Kongo lililojitangaza nchi, ambayo umoja wake haukuitambua. Tshombe, kiongozi wa Katanga hiyo, alijua kupanga sherehe. Kodi pia alijua kuikusanya: Union Minière, wachimba shaba, walimpelekea yeye fedha ambazo serikali ya Kongo kule Léopoldville ilizihesabu kuwa zake, na mambo yakaenda hivyo mpaka Katanga ya Tshombe ilipoangushwa Januari 1963. Sijasikia kwamba kuna aliyefika getini kwa wachimba shaba hao na gundi.

Hapo kicheko kinanikauka. Yule mama aliyelia ndiye mwenye mlango. Ndani kuna friza nne za samaki, na umeme wetu mnaujua. Deni lake nililisoma kwenye vipande vya karatasi niliyoipasua: halifiki bei ya samaki waliomo humo. Anatakiwa alipe ndipo afunguliwe, na cha kulipia kimefungiwa ndani, kinaoza. Nani alibuni ufundi huu wa kumkamua ng'ombe huku umemfunga chuchu?

 

Ijumaa hiyo hiyo nilitia sahihi maelezo yangu, nikalipa faini, nikaomba risiti, nikaambiwa mashine ya kuchapa imeharibika. Kabla ya magharibi mlango ulishabandikwa karatasi mpya, samaki wakiwa bado ndani. Mkasi umezuiliwa kama kielelezo, umo kwenye droo ya ofisi, umezungushiwa mkanda mwekundu na mweupe. Mke wangu sasa anakatia vitambaa wembe.