Jinsi ya Kuikamata Sentensi ya Kiingereza Inayokuponyoka

Ukikutana na "The old man the boat", acha kamusi ilale. Kila neno hapo unalijua, na hapo ndipo mtego ulipo. Umeshaunganisha "old" na "man" ukapata mzee mmoja, na mzee huyo hana kitenzi. Mwache aende zake. "The old" ni wazee, na "man" ndicho kitenzi: kuhudumu chomboni. Wazee ndio mabaharia wa boti hiyo.

Basi tafuta kitenzi kikuu kabla hujatafuta maana. Sisi Kiswahili kimetudekeza. "Aliyekimbizwa" ni neno moja, lakini limebeba nafsi, wakati, urejeshi na kauli ya kutendwa. Kiingereza huficha nusu ya mzigo huo, kisha kinakudai uuone. Ndiyo maana "The horse raced past the barn fell", sentensi iliyoletwa na mwanaisimu Thomas Bever mwaka 1970, inawaangusha hata waliozaliwa na lugha hiyo. Farasi amekimbia, amelipita ghala, umetulia. Mara "fell" inachomoza haina mwenyewe. Ukiona vitenzi viwili vinamgombania mtenda mmoja, rudisha kilichofichwa: "that was raced". Farasi aliyekimbizwa kupita ghala alianguka.

Ile yenye "buffalo" mara nane mfululizo isikunyime usingizi. Ni mnyama, ni mji wa jimbo la New York, na ni kitenzi cha kutisha. Herufi kubwa zitakuonyesha mji. Hakuna mtihani utakaokuuliza.

Mtihani utakuuliza hii: "The food digested in the stomach passes into the small intestine." Nchini Tanzania mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaikuta sekondari, katika baiolojia, na anasoma kwamba chakula kilimeng'enya. Kilimeng'enya nini? Anakwama, na darasa linamwona mzito. Si mzito hata kidogo! Amefuata maneno kwa mpangilio wake, kama msomaji yeyote makini.

Mwalimu, usimwambie arudie kusoma kwa sauti ya juu zaidi, sauti haimsaidii. Andika "that is" ubaoni, kati ya "food" na "digested". Mwulize nini kinapita, kinapita kwenda wapi. Akishajibu, mpe dasta ayafute maneno hayo mawili mwenyewe, kisha mpeleke kwenye sentensi inayofuata.