Kupe Hana Masikio

Paukwa! Pakawa!

Hapo kale, huko Kariandusi, chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kiangazi kilikaa hata wanyama wakasahau harufu ya mvua. Ziwa Elmenteita, ambalo jina lake la Kimaasai ndilo mahali pa vumbi, lilirudi nyuma likaacha ufuko mweupe wa magadi. Heroe wakahamia Nakuru. Mto Kariandusi ukawa mwembamba kama uzi. Waliobaki walikusanyika kwenye chemchemi ya maji moto, na kila mmoja alikuja na ugonjwa wake.

Punda Milia alikuwa akiumwa magoti, hata kulala chini hawezi. Mama Swala hakuwa amefumba jicho tangu chui amchukulie mwanawe. Pofu, fahali mwenye shingo pana kuliko wote bondeni, alijaa kupe masikioni na kwapani. Kila alfajiri ndege wala kupe walimtua mgongoni wakamdonoa mpaka jua lipande. Ilikuwa kazi ndefu, inauma, na haikumpa yeyote sifa.

Ndipo Nyani mzee akashuka kutoka majabalini. Aliokota jiwe jeusi ling'aalo kama kioo, lililochongwa pande zote mbili likapata makali, akakwangua nalo mwamba mweupe mpaka akapata unga. Mawe kama hilo ndiyo mashoka ya watu wa kale yaliyomfanya Louis Leakey achimbe mahali hapo mwishoni mwa miaka ya 1920. Na ule mwamba mweupe ni mabaki ya viumbe vidogo mno vya majini, vilivyozama katika ziwa la zamani tabaka juu ya tabaka. Siku hizi viwanda huutumia kuchujia vinywaji. Nyani hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba unga ule ni mweupe kama maziwa, na mgonjwa huipenda rangi ya maziwa.

Akaukoroga katika maji moto. "Kikombe kimoja tu," alisema, "na lazima kitoke mkononi mwangu."

Alimkalisha Punda Milia kivulini. Akamshika goti, akamuuliza lilianza kuuma lini, akamsikiliza hadi mwisho. Maisha yake yote hakuna aliyewahi kumsikiliza Punda Milia hadi mwisho. Akanywa, na jioni ile akalala chini kwa mara ya kwanza tangu kiangazi kianze. Mama Swala akanywa, akasinzia kabla kikombe hakijakauka.

Habari zikaruka. Foleni ikatoka chemchemini ikafika Kikopey, wengine wametoka Naivasha, wengine Baringo. Wapo waliozidiwa wakafia foleni, na walio nyuma yao wakasonga mbele kuziba pengo.

Sifa zikamlevya Nyani. Asubuhi moja alipanda juu ya jiwe akatangaza: "Aliyekunywa amepona! Atakayerudi kwa ndege ananidharau mimi na kikombe changu!"

Pofu alikuwa amekunywa, na kweli alijisikia mwepesi. Ndege walipomtua alfajiri, akawatikisa.

"Nendeni zenu. Nimepona."

"Mzee wetu, kupe bado wapo," ndege mmoja akasema. "Tunawaona kwa macho."

"Nyinyi mnawaona kupe. Mimi najisikia mwenyewe."

Siku 30 Pofu alitembea kichwa juu, na hakuumwa popote. Siku ya 31 alipiga magoti kando ya chemchemi akafa. Walipomgeuza wakakuta kupe wamejazana kwapani na nyuma ya masikio, wamevimba kama kunde zilizolowekwa. Maumivu yalikuwa yameondoka, na damu nayo ilikuwa imeondoka.

Msiba ukiingia, watu hutafuta wa kumlaumu. Kunguru akakaa juu ya mgunga akapiga kelele: "Pofu alikanyaga mawe meusi! Yana laana! Kila ayakanyagaye, miguu yake itakufa ganzi!"

Adhuhuri mtoto mmoja wa swala akaanguka. Wenzake waliomwona wakaanguka pia. Kufika jioni walikuwa 20, wamelala nyasini macho yamewatoka, miguu haisogei.

"Wanajifanya hawa," alisema Ngiri. "Wachapwe." Wakachapwa. Hakuna aliyeinuka.

Akaitwa Mzee Kobe. Alikwenda kwa mtoto mmoja mmoja, akatazama nyayo, akatafuta mwiba, akatafuta alama ya meno ya nyoka, akanusa pumzi zao na maji waliyokunywa. Alipokosa yote hayo ndipo akasema.

"Wajukuu zangu hawa hawajifanyi. Mguu wenye hofu umefungwa kwa kamba isiyoonekana, lakini umefungwa. Sasa tazameni kule juu."

Wakatazama. Juu ya yale mawe meusi Pimbi alikuwa ameketi akiota jua, kama alivyofanya kila siku ya maisha yake. Akashuka mbio kung'ata jani, akarudi mbio.

"Pimbi anayakanyaga mawe hayo kuliko sisi sote," alisema Kobe. "Mbona miguu yake ni mizima? Ni kiziwi. Hakumsikia Kunguru. Laana hii haiingii kwa unyayo, inaingia kwa sikio."

Akaagiza watoto watenganishwe, kila mmoja na mama yake, pasiwe na wa kuwazingira na kuwashangaa. Wakandwe miguu kwa maji moto, na waambiwe polepole kwamba miguu yao ni mizima. Siku ya tatu wote walisimama.

Usiku ule Tumbili, mtumishi wa Nyani, akamjia Kobe akilia. "Babu, nina jambo limenikaa kifuani. Unga uliisha juma lililopita. Nikaogopa kumwambia bwana, nikawa nachanganya maji na majivu. Yeye akagawa vikombe, na wagonjwa wakapata nafuu ileile." Kisha akanong'ona la pili: "Na Nyani mwenyewe, kila usiku huenda nyuma ya jabali, jamaa zake wakamchambua kupe mpaka alfajiri."

Baraza likaketi. Wengi walitaka Nyani apigwe mawe. Mama Swala akasimama.

"Mnasema nilidanganywa. Usingizi wangu haukuwa wa uongo. Nililala."

"Na goti langu?" Punda Milia akapiga kwato chini. "Nani atasema halikupoa?"

Kobe akainua kichwa. "Ulilala kweli, mwanangu. Na Pofu alikufa kweli. Maumivu ya goti, usingizi unaokimbia, ganzi ya hofu, yote haya yana mlango moyoni, na neno laweza kuufungua au kuufunga. Lakini kupe hana masikio. Humbembelezi akatoka, wala humtishi akakimbia. Wahenga walisema maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Hawakusema humng'oa meno."

Ndugu msomaji, ninayo sababu ya kuisimulia hekaya hii. Mwaka 2011, katika kijiji cha Samunge, Loliondo, kaskazini mwa Tanzania, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aligawa dawa ya mizizi ya mugariga, kikombe kimoja kwa shilingi 500. Magari yalipanga foleni kwa kilomita nyingi, na Wakenya wengi walivuka mpaka. Wengi walirudi wakisema wanajisikia vizuri, na siwaiti waongo. Lakini wapo waliokuwa wakiishi na virusi vya Ukimwi ambao, baada ya kikombe, waliacha dawa za kila siku. Kirusi, kama kupe, hakikuisikia habari ya kikombe. Kiliendelea na kazi yake kimyakimya, na makaburi yakachimbwa.

Upande wa pili wa sarafu hiyohiyo ulionekana mapema zaidi, Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba. Wanafunzi walishikwa na kicheko na kilio wasichoweza kukizuia. Kikaenea kutoka msichana hadi msichana, kisha vijijini na katika shule nyingine, na Kashasha ikafungwa. Haikupatikana sumu wala kijidudu. Wasichana wale hawakuwa wakijifanya, kama wasivyojifanya wale watoto wa swala. Hofu ilikuwa imepata miili ya kusemea.

Nafuu nayo ina mwili. Mwaka 1978 watafiti wa San Francisco waliwatazama wagonjwa waliotoka kung'olewa meno, wakapewa dawa ya bandia wakidhani ni ya kutuliza maumivu. Kisha wakapewa dawa inayozuia vitulizo ambavyo mwili hujitengenezea wenyewe, na waliokuwa wamepata nafuu maumivu yao yakaongezeka. Maana yake, imani ilikuwa imefungua ghala lililo ndani ya mwili, na ghala hilo lina dawa halisi. Ila ni ghala la vitulizo. Halina cha kuua vimelea vya malaria, wala cha kufupisha ile miezi 6 ya vidonge vya kifua kikuu.

Kwa hiyo nawasihi waganga, wauguzi na madaktari: maneno yenu ni sehemu ya tiba, yapimeni kama mnavyopima dozi. Na wewe mgonjwa, ukipata nafuu kwa sala au kwa kushikwa mkono, ipokee kwa shukrani. Kisha umeze dawa yako.

Turudi chemchemini. Baraza halikumpiga Nyani mawe. Kobe alimhukumu aketi na wagonjwa kama alivyoketi na Punda Milia, awasikilize hadi mwisho, lakini asitamke asilolijua wala asimfukuze ndege hata mmoja.

Alfajiri iliyofuata aliletwa mtoto wa marehemu Pofu. Ndege wakamtua, wakaanza kudonoa. Mtoto akatetemeka, akataka kukimbia. Nyani akamshika shingo kwa mkono uleule uliokuwa ukigawa kikombe.

"Inauma, Babu."

"Inauma, mjukuu wangu. Niko hapa."

"Wamebaki wangapi?"

Zamani angemjibu kwamba wamekwisha. Safari hii Nyani aliinama, akafunua sikio la yule mtoto, akahesabu.

"Watatu," alisema.

Na walikuwa watatu.