Hongera, Mtunga Mtihani

Tuusifu mtihani wa darasa la saba wa Uganda. Mtoto wa Juru, kwenye makazi ya wakimbizi, aliyetoka Kivu ya Kongo kwa miguu, akavuka mpaka usiku na mdogo wake mgongoni, ni haki aulizwe kwa Kiingereza Uganda inapakana na nchi zipi. Akijibu kwa Kifaransa, sifuri. Jiografia ya nyayo haina alama. Historia nayo imenyooka: chanzo cha Nile kiligunduliwa na Mwingereza Speke mwaka 1862, na Wasoga waliokuwa wakivua pale walikuwa wakingoja kuambiwa wako wapi. Sayansi? Aeleze namna ya kusafisha maji, kisha akawahi foleni ya jerikani. Fasihi haimo, na ni busara: akianza kusimulia, saa mbili na robo za mtihani zitatosha?